Duara la Ng'hwale

Funga midomo kana kwamba unataka kusema m. Usiiseme. Toa pumzi puani, taratibu, kisha fungua kinywa uingie kwenye irabu. Ukifanikiwa, umeshatamka mwanzo wa mhola, neno la Wasukuma la kujibia salamu, ambalo maana yake ni salama. Sauti hiyo ya mwanzo ina ndugu zake: nh, iliyomo ndani ya Bulyanhulu, na ng'h, iliyomo ndani ya Nyang'hwale, wilaya ya Mkoa wa Geita ambayo wageni wengi huitaja bila ile h, kana kwamba imewekwa pale kwa urembo. Kiswahili hakina sauti hizo. Naanza nazo kwa sababu hekaya yenyewe imesimama juu ya pumzi hiyo ndogo.

Hapo zamani wanyama walikuwa na machimbo yao upande wa Geita, ng'ambo ya vilima vya Nyarugusu. Rashi, yaani mbio za kukimbilia machimbo, ilipolipuka walikuja kutoka kila pembe na vikapu, mitalimbo na njaa. Fisi alitoka Shinyanga, na kinywani mwake hamkuwa na r, maana lugha aliyonyonyea haina sauti hiyo. Kwake habari ilikuwa habali na barabara ilikuwa balabala. Tumbili alitoka upande wa Mara, naye alikuwa na r nyingi kiasi cha kumgawia Fisi na bado akabaki nazo. Alikura, akarara, akaamka na kusema chakura kilikuwa kitamu. Nyani Mzee alihamia na ukoo wake mzima kutoka Kahama, na mifugo yake. Tembo ndiye aliyekuwa mwenye leseni. Kobe hakutoka popote. Wote waliokuja walimkuta.

Wenyeji walikuwa wamekwisha kuyapa majina maduara mawili makubwa, yaani mashimo ya kuchimbia. Lililo juu, karibu na mbuyu, fupi na kavu, liliitwa Ng'wale. Lililo bondeni, refu kupita yote, ambalo ukitupa jiwe unahesabu mpaka saba ndipo ulisikie likitua, liliitwa Ng'hwale. Kwa sikio la mwenyeji majina haya yako mbali kama baba na bata. Fisi hakuwahi kuyachanganya hata usiku, hata akiwa amelewa.

Siku moja lori la mahindi lilifika kutoka Dar es Salaam, na juu ya turubai alikuwa amesimama Kunguru, shingo ya kijivu, koti jeusi. Aliruka mpaka kwenye meza ya mizani, akatazama zile punje zilizokuwa zinameta, akasema neno moja tu: dhahabu. Alilisema vizuri. Ile dh ilitoka laini, ncha ya ulimi ikiwa imegusa meno kidogo na sauti ikipita juu yake. Pale machimboni kila mtu alisema zahabu, na Tembo, ambaye hajawahi kusikia mali yake ikitajwa hivyo, alitetemeka masikio. Siku ile ile alimkabidhi Kunguru daftari, kalamu na ufunguo wa mizani. Tangu hapo akaitwa Bwana Karani.

Kunguru alikuwa na masikio ya kuwinda. Alisikia kila kosa na alicheka kila kosa, na kwa miezi michache ya mwanzo, lazima niseme, alistahili kucheka, kwa sababu vituko vilikuwepo na mimi mwenyewe nikivikumbuka nacheka mpaka leo.

Kulikuwa na siku ya karamu. Tembo alitaka kuwalisha wachimbaji baada ya mawe mazuri kupatikana, akamtuma Fisi atangaze. Fisi akapita kambi hadi kambi akipiga debe: "Kesho jioni kwa Mzee Tembo kuna kalamu! Kila mmoja aje!" Wanyama wakafikiri ni uandikishaji. Walifika wameshiba kabisa, wameoga, kila mmoja na daftari kwapani, na wengine na picha ndogo za pasipoti. Masufuria manane ya wali yalikuwa yanafuka moshi. Aliyekuja na njaa ni Fisi peke yake, kwani yeye alijua alichotangaza.

Kulikuwa pia na siku Fisi alipopeleka jiwe mizanini, akamwuliza Kunguru samani yake ni kiasi gani. Alikusudia thamani. Kunguru akaingia ndani, akamletea kigoda.

Lakini kisa kilichopita vyote ni cha Tumbili na mahali. Mvua ilimkuta njiani usiku akitoka mwaloni, akaona taa kwa Nyani Mzee, akabisha hodi. Nyani ana mabinti watatu, na alikuwa amekaa na kaka zake wawili kwenye moto.

"Shikamoo, Mzee. Samahani kwa usiku huu. Naomba mahari pa kurara."

Nyani akatazamana na kaka zake. Kijana anasimama mlangoni, kalowa, peke yake, na anataja mahari bila kuzunguka. Na kwa kuwa Nyani naye hana r, alimjibu hivi:

"Mahali hayazungumzwi mlangoni, kijana. Ingia, kaa."

Tumbili akashukuru moyoni: mwenyeji mkarimu huyu. Akaingia, akakaa.

"Umekuja na nani?"

"Niko peke yangu, Mzee."

"Jasili. Na uwezo wako ukoje?"

Tumbili akafikiri anaulizwa kama ataweza kuvumilia kulala pabaya. "Mzee, mimi hata zizi rinatosha."

Wazee wakanyamaza. Mmoja akakohoa. "Zizi zima?"

"Hata nusu yake, Mzee, sina makuu."

"Nusu ya zizi," alisema Nyani polepole, akihesabu kwa vidole, "ni ng'ombe kumi na wawili. Tumekubaliana?"

Usingizi ulikuwa umemshika, na katika sentensi ile yote alichosikia ni neno la mwisho. "Tumekubariana, Mzee."

Vigelegele vilipopigwa nyuma ya nyumba alifikiri kuna mtoto amezaliwa. Alilala pazuri. Asubuhi binti wa pili wa Nyani alimletea maji ya kunawa, akapiga magoti, na Tumbili akatafuta mlango kwa macho.

Kesi ililetwa kwa Kobe. Kunguru alikuja kuisikiliza, akawa anacheka hadi manyoya yanadondoka. Kobe akamwuliza Nyani, "Kijana alisema nini hasa? Neno kwa neno."

"Alisema, naomba mahali pa kulala."

"Alisema pa, au alisema ya?"

Nyani akafikiri. "Alisema pa."

"Mahari ingekuwa ya. Penye pa pana mahali. Kijana alikwambia wazi anachotaka, ngeli imemtolea ushahidi, na wewe Mzee mwenzangu hukuisikia."

"Nilikuwa nasikiliza ile r yake," alisema Nyani.

Hapo pana jambo ambalo naliamini kwa moyo wote. Kiswahili kimejengwa hivi kwamba maana haikai kwenye nguzo moja. Ukiteleza kwenye sauti, upatanisho unakushika mkono. Neno likipinda, viambishi vinavyolifuata vinalinyoosha. Ndiyo maana Mkurya na Msukuma na Mhaya wanaweza kukutana gizani, mita hamsini chini ya ardhi, kila mmoja na ulimi wake, na wakaelewana vizuri kuhusu nani ashike kamba.

Tumbili angeweza kujitoa kwenye deni. Kobe alimpa ruhusa. Ila alikuwa amekwisha kumwona yule binti wakati wa kunawa, akasema atalipa taratibu. Alilipa ng'ombe mmoja kwa mawe yake ya kwanza, wakabaki kumi na mmoja.

Baada ya kesi hiyo Kunguru aliona kucheka peke yake hakutoshi. Akaweka sheria kwenye mizani: asemaye zahabu atakatwa sehemu moja katika kumi. Mstari wa wachimbaji ukageuka darasa. Walifika na viroba vya mawe waliyoyatoa kwa jasho, wakasimama wanatoa ndimi nje kama mbwa waliokimbia. Swala aliweza kwa siku mbili. Nguruwe pori aliweza neno lile likiwa peke yake, likiingia kwenye sentensi likamtoka. Tabu ilikuwa kwa Fisi. Kuisema dh unapaswa kuuweka ulimi katikati ya meno, na meno ya Fisi ni yale yanayovunja paja la nyati; kuuweka ulimi hapo ni kuupeleka gerezani. Alijaribu mara ya kwanza, akajing'ata. Alijaribu mara ya pili polepole, macho yamefumbwa, na damu ikatoka. Wote wakacheka. Fisi, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye kicheko kikubwa kuliko wote porini, hakucheka. Alifuta mdomo, akakatwa moja katika kumi, akaondoka.

Siku ya malipo Kunguru alisimama mbele ya wote akatangaza: "Hii duara ya juu itafungwa kwa masaa mawili, na wakina Fisi wasubiri hapo."

Fisi akainua mkono. "Bwana Kalani, samahani. Duala ni hili, si hii. Na saa ni saa, hata zikiwa nyingi."

Machimbo mazima yaliangua kicheko. Duala! Kalani! Walirudia neno lile hadi jioni. Ile hili hakuna aliyeisikia.

Nami naisimamia ile hili. Fisi hakuipata shuleni. Kisukuma ni lugha ya Kibantu, kina ngeli zake, na mtoto aliyekulia Shinyanga anazipanga ngeli kabla hajajua kuvaa viatu. Akija kwenye Kiswahili anakuta nyumba ya ndugu, vyumba vingi viko pale pale. Anayesema hii gari, hii duara, hizi madaftari, mara nyingi ni mtu wa mjini ambaye ulimi wake ni mlaini kwelikweli na ambaye ngeli zimemdondoka njiani bila mtu kumcheka, kwa kuwa kosa la namna hiyo halina sauti ya kijijini. Masaa limezoeleka redioni. Wakina limezoeleka misibani na harusini, ingawa akina tayari ni wingi. Lafudhi ya mtu ni alama ya alikolelewa. Kuvunja upatanisho ni kulegeza mbao za nyumba tunayoishi sote, na hilo linaniuma.

Jioni ile Kunguru alijitetea kwa Kobe. Alisema Kiswahili kina wenyewe, na wenyewe ni watu wa pwani.

"Kweli kina kwao," alisema Kobe, "na kwao ni pwani. Lakini mimi niliona misafara. Watu wa huku, Wanyamwezi na Wasukuma, walishuka na pembe za ndovu mabegani mpaka Bagamoyo, wakarudi na vitambaa, ushanga na maneno. Hakuna jahazi lililoleta Kiswahili Shinyanga, Bwana Karani. Kilipanda kwa miguu. Mwaka wa 1928 wakubwa walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na miaka miwili baadaye kamati ikaundwa ya kukisimamia. Lilikuwa jambo la faida, vitabu vinahitaji njia moja. Lakini fikiria walivyojisikia wenye Kimvita, lugha ya mshairi Muyaka na ya mji wenye mashairi tangu enzi, kuambiwa katika mji wao wenyewe kwamba matamshi yao si ya kitabuni. BAKITA lilipoanzishwa mwaka 1967 lilipewa kazi ya kukuza lugha. Nani alikupa wewe kazi ya kupima ulimi kwa mizani ya mawe?"

Kunguru akanyoosha koti.

"Na mababu zako," Kobe akaendelea kwa upole, "waliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890 ili wale takataka za mji. Mlio wao ulikuwa mgeni hapo. Mji ukawazoea."

Mvua za Machi zikaanza. Kobe alikwenda kwenye meza ya Kunguru na ombi moja: matimba ya Ng'hwale yameoza, miti mipya ipelekwe upesi. Kunguru akafungua daftari. Sasa nirudi nyuma kidogo. Wiki yake ya kwanza Kunguru aliandika majina ya maduara yote kwa kuyasikiliza, na alipofika kwenye haya mawili alisikia jina moja. Aliandika Ng'wale, akaandika tena Ng'wale, akadhani kalamu imerudia, akafuta mstari wa pili. Kwa hiyo duara refu kuliko yote machimboni halikuwepo daftarini. Miti thelathini mizuri ilipelekwa juu, kwenye duara kavu karibu na mbuyu, ikapangwa humo kwa ustadi. Walioipanga walishangaa, lakini karatasi ilisema hivyo.

Usiku wa tatu wa mvua, Ng'hwale liliporomoka. Fisi na Tumbili walikuwa chini.

Tembo alipiga baragumu. Wanyama wakaja na taa na makarai, wakamwuliza karani waliomo chini wameandikwa duara gani. Kunguru akasoma, sauti inatetemeka: Ng'wale. Wakakimbilia mbuyuni. Walitoa matope, wakang'oa ile miti mipya, wakachimba hadi manane ya usiku, na kila walipofika mahali pagumu walisema labda ni mbele kidogo. Nyani Mzee alikuwa amekuja na ukoo mzima, kaka, wana, wajomba, jumla yao arobaini na zaidi, kwa kuwa aliyefukiwa ni mkwe. Wao ndio waliochimba bila kupumzika.

Kobe hakwenda mbuyuni. Mwendo wake unajulikana. Alipofika njia panda, wengine walikuwa wamekwisha kupanda. Akateremka bondeni, akalala kifudifudi juu ya udongo uliozama, tumbo lake gumu likigusa ardhi. Kobe husikia kwa mwili.

Chini kule vumbi lilikuwa limejaa. Tumbili alikuwa ameshajaribu kupiga kelele, akameza udongo. Fisi alimshika mkono. Ukifumbua kinywa mahali kama pale unameza vumbi, na Fisi alilijua hilo; akafunga midomo, akaita jina la duara kwa njia iliyobaki. Sehemu kubwa ya jina lile haihitaji kinywa. Inatoka puani, pumzi tu, ndefu. Akaitoa. Akapumzika. Akaitoa tena. Tumbili akamsikiliza, akaiga.

Kobe aliisikia kama mtu anavyosikia mtoto akilala chumba cha pili. Akamtuma Sungura mbuyuni, na Sungura akafika akihema: "Babu Kobe anasema mmechimba Ng'wale. Wao wako Ng'hwale." Nusu ya waliokuwepo walisikia jina moja likirudiwa, wakamtazama kama mwehu. Ukoo wa Nyani ulisikia mawili. Wote arobaini na zaidi waliteremka bondeni kabla Sungura hajamaliza kuhema.

Waliwatoa alfajiri. Tumbili wa kwanza, kisha Fisi, weupe kwa vumbi kama waliopakwa unga. Yule binti alimpangusa Tumbili macho kwa kanga. Nyani Mzee akamshika mkwe wake mabega, akamtikisa kuona kama mifupa imetimia, akamwambia, "Kumi na mmoja bado."

"Najua, Mzee," alisema Tumbili. "Niritafuta mahari tu, nikapata ukoo."

Kunguru alikuwa amesimama kando, daftari kifuani. Hakuna aliyemsemesha. Jua lilipopanda kidogo alimwendea Fisi, akainamisha shingo, akamwomba amfundishe jina la lile duara.

"Funga mdomo," alisema Fisi.

Kunguru akafunga mdomo. Ila mdomo wa kunguru ni mfupa, hauna midomo ya kukutanisha, na pua yake ni matundu mawili juu ya mfupa huo. Akavuta pumzi, akaisukuma, ikatoka sauti kama ya mtu aliyepaliwa na karanga. Akajaribu tena, macho yamemtoka. Ikatoka filimbi.

Fisi alimtazama. Kitu kikaanza tumboni mwake, kikapanda kifuani, na baada ya miezi mingi kile kicheko chake kikubwa kikatoka, kikavuka bonde, kikagonga mbuyu, kikarudi. Tumbili akacheka. Nyani akacheka. Kunguru akasubiri kidogo, akajaribu mara ya tatu, ikatoka filimbi ile ile, na mara hii yeye mwenyewe akashindwa kujizuia.

Kisha akakaa juu ya jiwe akafungua daftari. Fisi akamsogelea, akaweka ukucha kwenye mstari unaohusika, na ukucha ule uliacha alama ya tope. Kunguru alitafuta nafasi kati ya ng' na w. Nafasi haikuwepo. Akaiandika ile h juu ya mstari, ndogo, akachora chini yake kimshale cha kuonyesha inapoingia.